Meno ya Mkono Mmoja

Shemeji hakuwa na jino bovu hata moja siku alipoingia kwenye kliniki ya daktari wa meno. Aliingia kwa sababu ng'ambo ya barabara alimwona mteja wake mmoja, yule aliyenunua kwake redio nzuri kwa nje na tupu kwa ndani, na mteja huyo alikuwa ameshika tofali. Mwenye akili hangoji kuuliza tofali ni la kujengea nini. Alisukuma mlango wa karibu, akajibanza kwenye benchi katikati ya wagonjwa, akashika shavu na kuugua kwa ustadi kuliko wagonjwa wenyewe.

Jina la Shemeji alijipa mwenyewe. Hakuwa na mke, na dada yake wa pekee hakuwa ameolewa, kwa hiyo hapakuwa na njia yoyote halali ya yeye kuwa shemeji wa mtu. Lakini aligundua mapema kwamba ukimwita mtu "bwana" anashika mfuko wake, na ukimwita "shemeji" anacheka kwanza, na mtu anayecheka hashiki mfuko. Mtaji wake wote ulikuwa mdomoni: ulimi laini, na meno meupe, makubwa, moja la mbele limempanda mwenzake kidogo. Wanawake walilisifu jino hilo. Wanaume waliliamini, sijui kwa nini.

Pale kwenye benchi, akiendelea kuliugulia shavu lisilo na hatia, ndipo alipoliona kabati. Lilikuwa la kioo, limefungwa kufuli, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, vilipangwa visu vya kukunja vya mfukoni. Vilikuwa vimeshika kutu, mipini ya pembe imepasuka, kimoja hata ncha hakina. Shemeji aliwahi kuona visu vizuri zaidi vikitupwa jaani. Alikuwa bado anajiuliza ni ugonjwa gani umempata daktari mzima akafungia takataka kwa kufuli, mlango wa ndani ulipofunguka, wakatoka watu wawili wakivutana.

Mmoja alikuwa Daktari mwenyewe, glavu mikononi, barakoa imeshuka kidevuni. Nyuma yake mgonjwa alionekana amelala kwenye kiti, mdomo wazi, akingoja kukumbukwa. Wa pili alikuwa mtu mnene mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ambaye mji mzima ulimwita Misumari.

"Chukua pikipiki," Misumari alikuwa anasema, karibu alie. "Pikipiki nzima na mafuta ndani, Daktari. Nipe hicho kisu cha mchunga kondoo."

"Hebu sikiliza kwanza." Daktari alikifungua kisu taratibu, akakifunga. Tak! Wote wawili wakafumba macho. "Umesikia mlio? Springi ya enzi za babu wa babu, na ukiita bado inaitika."

"Unaniua, ndugu yangu. Unaniua huku nakuona."

Shemeji akasahau tofali, akasahau na shavu.

"Shemeji zangu," alisema akisimama, "samahani kwa kuingilia. Hicho kinakata nini?"

Benchi zima lilimgeukia. Daktari alimtazama kwa ile huruma aliyowawekea watu wasiopiga mswaki.

"Kukata? Bwana, hiki hakijakata kitu tangu kiingie mikononi mwangu, na Mungu akitujalia hakitakata tena. Hakinolewi, hakisuguliwi, hakipakwi kitu. Hiyo unayoiona si kutu. Hiyo ni rangi ya umri."

Na kwa kuwa amepata msikilizaji mpya, akaanza. Alieleza jinsi kisu cha mfukoni kilivyokuwa mali ya kwanza ya mtu maskini, kitu ambacho mtu alikuwa nacho kabla ya kuwa na saa wala viatu. Kila kazi na bapa lake: mkulima wa kuunganisha vikonyo vya miti alitaka bapa lililopinda, na baharia alipewa kisu kisicho na ncha, asije akamchoma mwenzake chombo kikiyumba au wakigombana. Alieleza ribiti, zile pini za shaba zinazoshika mpini, na mipini ya pembe, na mafundi waliopiga alama zao chini ya bapa ili mjukuu ajue nani wa kumshukuru. Macho yalimng'aa. Alikuwa mtu wa kupendeza anapozungumza hivyo, na mgonjwa wake ndani alikuwa amekohoa mara kadhaa bila mafanikio.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Wahenga hawakufika kliniki ile. Humo mwenye kisu butu kuliko wote ndiye aliyekula nyama, na mwenye pikipiki alibaki akilia. Shemeji alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa mtu mpya, maana nyumbani alikuwa na gunia zima la visu.

Nyumbani maana yake kwa dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, na nyuma ya chumba chake cha kushonea palikuwa na stoo ambamo Shemeji alilala kati ya marobota ya vitambaa. Gunia la visu alilipata kwa mchuuzi mmoja aliyekuwa anahama mji kwa haraka, akachelewa kugundua kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Springi zilikuwa ngumu kiasi kwamba mtu akijaribu kumenya chungwa, chungwa lilioza kabla kisu hakijafunguka. Kwa muda mrefu gunia lile lilikuwa mto wake wa kulalia.

Sasa akaazima beseni la dada, akamimina siki, akatia majani ya chai na udongo wa uani. Kila kisu ilibidi kifunguliwe kwanza ili siki ipenye ndani, na kwa kuwa kucha zilimkatika kwenye kile cha kwanza, vilivyofuata alivibana mpini kwa meno na kuvuta bapa kwa vidole. Siku nzima alikaa kwenye kigoda akiuma pembe na kutema.

"Unafanya nini kwenye beseni langu?" Dada aliuliza bila kusimamisha cherehani.

"Utafiti."

"Utafiti." Cherehani ikasimama. "Nisikilize, mdogo wangu. Nilikuambia redio ile ni ya mwisho. Mimi wateja wangu wanaingia kwa mlango huuhuu anaoingia mtu na tofali. Mama alinikabidhi wewe, nami nimekubeba hadi mgongo umepinda. Nataka kitu kimoja tu kabla sijakutoa na marobota yangu: siku moja useme neno nami niweze kuliamini."

Shemeji alicheka, lakini neno lilimwingia. Angeweza kumfanya mgeni yeyote aamini kwamba maji yanawaka moto, ila huyu mmoja, aliyemfunga nepi, hakuwahi kumwamini hata akisema kumekucha. Ilimuuma kuliko alivyopenda kukiri. Akatazama beseni, akajiambia kwamba safari hii atatoka mtu wa heshima, mwenye kazi yenye jina, na Dada atakuwa wa kwanza kumwita hivyo.

Chama cha wapenda visu kilikutana kila Jumamosi kwenye ghala la Misumari, kati ya mabati na ndoo za rangi. Wanachama wa maana walikuwa watatu: Daktari, Misumari, na mwenyekiti wao Hakimu Mstaafu, mzee mrefu mkavu aliyezoea kuhukumu hivi kwamba hata chai ikiletwa aliiangalia kwanza kama inasema kweli. Wengine walikuja kwa ajili ya chai hiyo.

Shemeji aliingia na kisu kimoja tu, kimefungwa kwenye kitambaa cha pamba. Kimoja tu: huo ndio ufundi. Mwenye gunia ni mchuuzi, mwenye kimoja ni mrithi.

"Waheshimiwa," alisema kwa sauti ya msibani, "mimi si muuzaji. Mimi nafuatilia nyayo za fundi mmoja aliyesahauliwa. Alikuwa na mkono wa kushoto pekee, wa kulia ulikwenda na mashine. Watu wa kwao walimwita Mkono Mmoja. Alifua visu hadi siku ya kufa kwake, akawapa majirani, na alama yake ni hii." Akawaonyesha ukucha wa kuku aliouchora chini ya bapa kwa msumari. Msumari wenyewe aliununua duka la Misumari, maana alikuwa mtu wa kuunga mkono biashara za wenyeji.

Kisu kikapita mkono kwa mkono. Misumari alipumua kwa nguvu. Daktari alikinusa. Kisha kikafika kwa Hakimu, naye akakigeuza, akakigeuza tena, akakiweka mezani.

"Swali," alisema Hakimu. "Kisu hiki ni cha mikono miwili. Mmoja ushike mpini, mwingine uvute bapa. Sasa huyu fundi wako mwenye mkono mmoja, kila alipomaliza kisu, alikifunguaje kukijaribu?"

Hapo ndipo kisu kilipogonga mfupa. Shemeji, aliyekuwa amewaandalia jina la mto alikonyweshwa punda wa Mkono Mmoja, hakuwa ameandaa hilo. Alitazama mlango, akahesabu ndoo za rangi zilizokuwa njiani. Misumari alianza kusogeza kiti chake mbele ya mlango, na alikuwa mtu mpana.

Daktari ndiye aliyemwokoa. Alikuwa amekichukua kisu tena na kukiweka chini ya lenzi yake, na sasa alikiinamia hadi pua ikagusa pembe.

"Meno," alinong'ona.

"Nini?"

"Alikifungua kwa meno! Njooni muone! Hapa kwenye pembe. Chonge ya juu, kato mbili za mbele, na moja imempanda mwenzake. Hii si mikwaruzo, waheshimiwa, huu ni mdomo wa mtu! Miaka yangu yote nafanya kazi midomoni, leo ndiyo mara ya kwanza namwona fundi uso kwa uso." Machozi yalimtoka kabisa.

Shemeji alitazama chini kwa unyenyekevu mkubwa.

"Nilijua, Daktari," alisema. "Ila sikutaka kulisema mimi. Nilitaka aligundue mwenye elimu yake."

Mtu akiuziwa uongo atauchunguza, lakini uongo alioubuni mwenyewe ataulea kama mwanawe. Kuanzia siku ile Shemeji hakuwa na kazi ya kumshawishi mtu yeyote. Daktari ndiye aliyeshawishi. Aliandaa mhadhara, akachora taya la Mkono Mmoja ubaoni, akaeleza alikuwa mtu wa umri gani na alitafunia upande gani. Misumari aliomba kisu cha pili, Hakimu akaomba kwa siri cha tatu, na kila baada ya Jumamosi chache Shemeji alisafiri hadi stoo ya dada yake na kurudi na vumbi la safari kwenye viatu.

Wakampa kiti chake mezani. Hapo kabla alizoea watu kusimama wanapomwona, kwa sababu za aina ya tofali. Sasa walisimama kumpisha. Walimwita Mtafiti. Misumari alimuuliza maoni yake kuhusu ribiti, naye alitoa maoni, na mengine yalikuwa sahihi, kwa kuwa alianza kusoma. Usiku mmoja alijikuta akikifungua na kukifunga kisu cha zamani alichoazimwa na Hakimu, tak, tak, macho ameyafumba, akashtuka kama mtu aliyejifumania. Alikuwa anavipenda.

Dada naye alianza kulainika. Chama kilihitaji vifuko vya mahameli vya kuhifadhia visu, Shemeji akampelekea kazi hiyo, na Daktari mwenyewe, mtu wa gari na miwani, alikuja hadi kwenye cherehani kuchagua rangi. Alimwambia Dada, "Ndugu yako huyu ana kipaji kikubwa." Dada aliduwaa na sindano mdomoni. Alimshonea Shemeji koti, la kwanza maishani mwake lenye bitana.

"Kwa hiyo ni kweli?" alimuuliza jioni ile akimkata uzi begani. "Hivyo visu vina thamani hiyo wanayosema?"

"Dada, pesa inashuka, nyumba inabomoka, ng'ombe anakufa. Bei ya Mkono Mmoja haishuki. Inapanda tu."

Alimtazama kwa muda. Kisha akamwekea kola sawa, na Shemeji akalala usiku ule kwa furaha ya kijinga.

Tatizo lilikuwa mahitaji. Kisu kisicho na meno hakuna aliyekitaka tena, kwa hiyo vile vya gunia ilibidi viumwe upya, kwa makini, chonge hapa, kato pale. Yapo mapato yanayotoka jasho. Haya yalitoka mate. Pembe ilikuwa ngumu, siki ilikuwa chungu, na siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya mwaka, siku ambayo Shemeji angeapishwa kuwa mwanachama kamili, kilisikika kishindo kidogo ndani ya kichwa chake. Lile jino lililompanda mwenzake lilibaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa imekwama kwenye mpini.

Atakwenda wapi? Mji mzima ulikuwa na daktari mmoja wa meno aliyemwamini.

"Mtafiti wetu!" Daktari alimpokea kwa mikono miwili. "Kaa, kaa. Wewe hulipi kitu hapa." Akamlaza kwenye kiti, akamchoma sindano mbili tatu za ganzi, akamtia chuma cha kushikilia taya wazi, akawasha taa. Akainama.

Akainama zaidi.

Kisha alitoka, na Shemeji akasikia kufuli la kabati likifunguka. Daktari alirudi na kisu na lenzi. Alitazama mpini, akatazama mdomo. Akatazama mdomo, akatazama mpini. Shemeji alijaribu kusema kwamba binadamu wote ni ndugu na meno hufanana, lakini kilichotoka kilikuwa "aah, aah," na mate.

"Usijisumbue," Daktari alisema kwa upole, akavuta kigoda na kuketi. "Nimefurahi. Ni mara ya kwanza tunazungumza bila wewe kunidanganya."

Shemeji alimeza, au alijaribu.

"Mkono Mmoja," Daktari aliendelea. "Nimechora taya lake ubaoni. Nimelia mbele za watu. Unajua nimewaandikia wakusanyaji wa miji mingapi? Wamenunua, wewe. Kwangu, kwa neno langu, kwa bei ambayo ukiisikia hilo jino lingine litakatika lenyewe. Nikikutangaza wewe tapeli, mimi ni nani?" Akafuta lenzi kwa ncha ya koti. "Kwa hiyo sitakutangaza. Wewe na mimi tuko chombo kimoja."

Kama si kile chuma, Shemeji angetabasamu. Mwenzangu! aliwaza. Kumbe huyu naye ni wa kwetu! Shavu lilikuwa na ganzi, moyo ulikuwa mwepesi. Daktari alikoroga uji mzito wa rangi ya waridi, akaujaza kwenye kibakuli cha umbo la taya, akamwambia auume kwa nguvu, juu kisha chini, "nikutengenezee jino zuri linalolingana na mengine." Shemeji aliuma kwa moyo wote. Kisha Daktari aling'oa kile kipande, na jirani yake pia, na chonge, kwa kuwa, alisema, yote yalikuwa yamelegea kwa kazi nzito.

"Maonyesho yakikaribia nitakuwekea meno mapya," alisema akimpa pamba. "Wewe lete visu vilivyobaki. Siku hiyo ni yako."

Wakashikana mikono. Shemeji alirudi nyumbani na pengo, na moyoni alimshukuru Mungu kwa kumkutanisha na msomi mwenye akili.

Siku ya maonyesho ghala la Misumari lilifagiliwa na mabati yakafunikwa mashuka. Walikuja wakusanyaji kutoka miji mingine, wenye lenzi shingoni, na kila meza tak, tak, tak, watu wamefumba macho. Shemeji aliingia na koti lake la bitana, mdomoni meno matatu ya bandia aliyowekewa asubuhi ile, na sanduku lenye visu vyote vilivyobaki. Ilimbidi hivyo vyote aviume kwa meno hayo mapya, akaona alama hazijakaa vibaya. Hakimu alisimama, akasema kwamba kabla ya kumpokea Mtafiti kama mwanachama kamili, mtaalamu wa chama atahakiki hazina aliyoileta, ni desturi tu.

Daktari akachukua kisu cha juu. Akaweka lenzi.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" aliuliza Misumari.

"Waheshimiwa, nasikitika. Mdomo huu si wa Mkono Mmoja. Kato haijampanda mwenzake. Chonge ni fupi. Hii pembe imeumwa karibuni tu, na mtu mwenye meno ya bandia." Akavitazama vingine kimoja kimoja, akavirudisha sandukuni kwa ncha za vidole. "Mtu ameghushi kazi ya fundi wetu."

Kelele iliyozuka ilitikisa mabati. Shemeji alifungua mdomo ule uliomlisha maisha yake yote. Angesema nini? Kwamba hawezi kumghushi Mkono Mmoja kwa kuwa Mkono Mmoja ni yeye? Kila neno lililomjia lilikuwa kitanzi. Alimtazama Daktari kwa jicho la "mwenzangu, vipi?", na Daktari alimtazama kwa macho ya huzuni, macho safi kabisa, macho ambayo Shemeji mwenyewe alikuwa akiyafanyia mazoezi kwenye kioo miaka yote bila kuyapata.

"Tulikupa kiti," alisema Hakimu, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini. "Ulikalia kiti cha watu wanaoheshimu ukweli. Inuka."

Aliinuka. Alipopita mlangoni, Misumari akimsukuma kwa tumbo, alimsikia Daktari nyuma yake akiwatuliza wageni: wasivunjike moyo, yeye binafsi amebahatika kupata hazina nyingine, ya uhakika, kutoka kwa familia ya fundi mwenyewe. Akageuka na kuona shuka jingine likifunuliwa. Kwenye meza ya kati vilipangwa visu vingi, vyote vina kutu ya rangi ya asali, na kwenye kila mpini meno yaleyale, yamekaa vizuri, kwa kina kilekile, kama yaliyopigwa muhuri. Shemeji aliukumbuka ule uji wa waridi ulionasa umbo la meno yake, na nusu iliyokatika Daktari angeijazia kutoka kwenye mchoro wake wa ubaoni. Meno yake yalikuwa yanaendelea na kazi bila yeye.

Alitembea mji mzima akizunguka, hataki kufika. Habari za kufukuzwa hazikumtesa sana. Alishafukuzwa mahali pengi. Kilichomkaba ni Dada. Ingebidi amwambie kabla watu hawajamwambia, na alikuwa ameshaionja ladha ya kuaminiwa.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa kimya, na ilimchukua muda kujua ni ukimya wa nini. Juu ya meza, pale cherehani ilipokuwa ikikaa, palikuwa patupu, mbao zimebaki nyeupe kwa umbo lake. Dada alikuwa ameketi chini na pazia la mteja magotini, anashona kwa mkono, na alipomwona alicheka kama msichana.

"Funga mlango," alisema. "Funga macho. Sasa toa mkono."

Kitu kizito kidogo, kwenye kifuko cha mahameli, kilimwangukia kiganjani. Alikijua kabla hajafumbua macho. Mpini wa pembe, ukucha wa kuku, na kwenye pembe ile jino moja limempanda mwenzake.

"Jana," alisema Dada. "Daktari kanipa kabla ya maonyesho, kwa bei ya ndugu. Amesema kesho na keshokutwa kitakuwa mara mbili. Cherehani niliiuza, mnunuzi kaichukua leo ulipotoka, wala sikuionea huruma, nitanunua mbili, na ya kudarizi juu yake. Ulisema mwenyewe haishuki."

"Dada."

"Miaka yote hii nakuita mwongo. Nisamehe, mdogo wangu."

Shemeji aliketi kwenye marobota. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kazi. Akamwambia. Alimwambia yote, bila kupamba: gunia, beseni, siki, kigoda kile pale, jinsi Mkono Mmoja alivyozaliwa na kufa humu ndani ya stoo, uji wa waridi, yale meno matatu. Akaitoa hata bandia mdomoni, akaiweka kando ya kisu ili aone. Ulikuwa ukweli mtupu, wa kwanza kumtoka tangu alipojua kusema, na aliusema vibaya, akigugumia, bila hata chembe ya ule ulimi wake.

Dada alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alikichukua kisu kutoka mkononi mwake, akakifuta jasho kwa upindo wa gauni, akakirudisha kwenye kifuko.

"Nilidhani umepona," alisema kwa huzuni. "Nimepata changu kimoja tu, nawe roho inakuuma hadi unamzulia mtu msomi. Daktari kanionyesha kwa lenzi, kwa macho yangu haya." Akavuta pumzi, akamsukumia upande wa pili wa pazia, na sindano yenye uzi. "Haya, shona. Kazi ni nyingi, na cherehani hatuna mpaka bei ipande."